Kung'arisha meno bila kuyaumiza: anza na chanzo cha rangi

Wengi wanaofika kliniki kuomba meno meupe huwa wameshachagua dawa. Wameiona kwenye simu, wamesoma sifa zake, na wanachotaka kwa daktari ni kuambiwa tu waendelee. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika, kwa sababu uchaguzi wa dawa huja karibu na mwisho. Kwanza ujue rangi uliyo nayo imetokana na nini. Watu wawili wanaweza kuwa na meno ya kahawia yanayofanana kabisa, mmoja akasafishwa kwa kikao kimoja akatoka yameng'aa, mwingine akapaka jeli miezi mizima asione badiliko la maana, au akaona madoa yamezidi kujitokeza. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na mbili za mwanzo usiziruke hata kama sherehe iko wiki ijayo.

Hatua ya 1: Tafuta rangi imetoka wapi

Jino lina ganda gumu la nje, enameli, ambalo hupitisha mwanga. Chini yake ipo dentini, na dentini kwa asili yake ni ya manjano. Fikiria dirisha la kioo lenye pazia la manjano kwa ndani: ukisimama nje, rangi unayoiona ni ya pazia. Ndiyo maana jino lenye afya kamili si jeupe pe. Umri unavyosonga enameli hulika kidogo kidogo, dentini nayo huongezeka unene, na manjano huzidi kuonekana. Hilo si uchafu, na kusugua kwa nguvu hakuliondoi. Kusugua hulizidisha, maana unakipunguza kioo na kuliacha pazia palepale.

Rangi nyingine hukaa juu ya jino. Chai, kahawa, divai nyekundu na tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, huacha madoa kwenye enameli na hasa kwenye ugaga, yaani ule ukoga ulioganda ukawa mgumu karibu na fizi. Dawa ya kusukutulia yenye klorheksidini, ikitumika kwa wiki kadhaa, huacha rangi ya kahawia ambayo huwashtua watu waliopewa dawa hiyo kwa ajili ya fizi. Dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma huweza kuyatia meno ya mtoto weusi. Madoa ya aina hii yote huondoka kwa kusafishwa kliniki, bila dawa yoyote ya kung'arisha.

Kisha ipo rangi iliyo ndani ya jino lenyewe. Aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi utotoni, wakati meno ya ukubwani yalipokuwa yanajengeka ndani ya taya, hutokeza na michirizi meupe, mabaka kama ya chaki, au rangi ya kahawia. Aliyepewa tetrasaikilini, aina ya antibiotiki, kabla ya kufikisha umri wa miaka 8, au ambaye mama yake aliitumia ujauzito ukiwa umeshakua, anaweza kuwa na mistari ya kijivu au kahawia inayokata meno kwa upana. Jino lililogongwa miaka mingi nyuma huweza kufa taratibu na kugeuka kijivu peke yake. Jino lililotibiwa mzizi nalo huweza kuwa jeusi. Na wakati mwingine doa ni tundu: jino linaoza, na mwenyewe anatafuta jeli ya kulifunika.

Simama mbele ya kioo kwenye mwanga wa mchana na ujiulize haya. Je, ni meno yote au moja tu? Moja tu likiwa na rangi tofauti, acha habari za kung'arisha, liende likaangaliwe. Je, rangi ipo tangu meno yalipoota, au imekuja ukubwani? Ya tangu utotoni iko ndani. Je, doa limejikusanya karibu na fizi na katikati ya meno, na ukipitisha ukucha unahisi mkwaruzo? Hapo huenda ni ugaga. Je, ni manjano au ni kijivu? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu manjano huitikia dawa vizuri na kijivu husumbua.

Hatua ya 2: Chunguzwa, utibiwe, usafishwe

Dawa zote za kung'arisha zinazofanya kazi kweli hutegemea peroksaidi. Peroksaidi hupenya enameli, huingia kwenye dentini, na huko huvunja molekuli kubwa zenye rangi zikawa ndogo zisizo na rangi. Haikwangui kitu wala haivui ganda. Lakini kupenya huko kuna maana nyingine: ndani ya dakika chache dawa hufika hadi kwenye kiini chenye neva. Jino zima huvumilia hilo bila tabu kubwa. Jino lenye tundu, ufa, au kiziba kinachovuja huingiza dawa nyingi zaidi kwa njia ya mkato, na maumivu yake hayasahauliki.

Kwa hiyo daktari aangalie kwanza matundu, nyufa, viziba vya zamani, fizi zilizovimba au kutoa damu, na mizizi iliyo wazi mahali ambapo fizi zimerudi nyuma. Mzizi hauna enameli. Hauwi mweupe, na ndio unaouma upesi. Jino lenye rangi ya peke yake lipigwe picha ya eksirei, kwa sababu chini ya mzizi wake panaweza kuwa na usaha uliokaa kimya bila kuuma.

Matundu yazibwe kwa muda kwanza kama yako sehemu inayoonekana, na kiziba cha kudumu kisubiri rangi mpya. Sababu nitaieleza baadaye. Fizi zitibiwe. Kisha meno yasafishwe kitaalamu, ugaga utolewe na yang'arishwe juu.

Baada ya hapo subiri kidogo, ujitazame upya. Idadi ya watu wanaogundua kwamba walichohitaji ni kusafishwa tu ni kubwa kuliko matangazo yanavyotaka uamini. Kama umeridhika, mwongozo huu umeishia hapa kwako, na umeokoa pesa.

Wapo wa kuahirisha. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje. Hakuna dharura katika weupe wa meno. Aliye chini ya miaka 18 naye angoje, kwa kuwa kiini cha jino changa ni kikubwa na kiko karibu na uso wa jino, isipokuwa daktari awe na sababu ya kitabibu, kwa mfano jino moja lililokufa baada ya kuanguka. Mwenye mzio wa peroksaidi asijaribu. Mvutaji aache angalau kwa kipindi chote cha matibabu, la sivyo atakuwa anafua na kuchafua kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3: Pima rangi ya kuanzia na ukubaliane na ukweli

Mwombe daktari apime rangi ya meno yako kwa kipimo cha meno ya mfano. Kinachotumika sana ni kile cha kampuni ya VITA chenye rangi 16, kuanzia A1 hadi D4, ambapo kundi A lina wekundu na kahawia, B wekundu na manjano, C ni kijivu, na D ni mchanganyiko wa wekundu na kijivu. Mkiandika namba na kupiga picha moja kwenye mwanga uleule, hutabishana na kumbukumbu yako baada ya wiki tatu. Jicho huzoea weupe haraka sana, na anayeamini kwamba hakuna kilichobadilika ndiye huongeza dozi bila kumwambia mtu.

Sasa ukweli wenyewe. Viziba vya rangi ya jino, kofia za jino, meno ya bandia na maganda ya kauri yanayobandikwa mbele ya jino havibadiliki rangi kwa peroksaidi. Meno yako yakiwa meupe na kofia ya mbele ikabaki na rangi ya zamani, itaonekana kuliko ilivyokuwa. Ama ukubali kuibadilisha, na gharama yake uijue mapema, ama usianze. Machonge huwa na rangi nzito kuliko meno ya mbele kwa maumbile, na hubadilika polepole. Michirizi meupe ya floraidi huweza kung'aa zaidi siku za mwanzo kabla meno mengine hayajaifikia. Nimeona watu wakikata tamaa siku ya nne kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo.

Unataka weupe wa kiasi gani? Madaktari wengi hutumia weupe wa macho kama kigezo: meno yakishalingana na sehemu nyeupe ya jicho lako, uso unakaa vizuri. Yakipita hapo mtu anayezungumza nawe huanza kuyatazama meno badala ya kukusikiliza. Huo ni mtazamo wangu, na uso ni wako.

Hatua ya 4: Chagua njia

Dawa ya meno ya kung'arisha. Kazi yake kubwa ni kuondoa madoa ya juu kwa chembe zinazosugua. Nyingine zina rangi ya buluu inayofunika manjano machoni kwa saa chache. Haigusi rangi ya ndani. Ukali wa kusugua hupimwa kwa kipimo kiitwacho RDA, na kiwango cha kimataifa kinaweka ukomo kwenye 250; kwa matumizi ya kila siku chagua ya chini sana kuliko hapo, na kama mizizi iko wazi, achana na za kung'arisha kabisa.

Vibandiko vya jeli. Ni vipande vyembamba vya plastiki vyenye peroksaidi ambavyo hubandikwa kwenye meno, mara nyingi kwa dakika 30 kwa siku kwa wiki mbili hivi. Vinafanya kazi kwa manjano ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba kibandiko hakikuumbwa kwa mdomo wako: kwenye meno yaliyopandana kinaruka sehemu, na pembeni kinagusa fizi. Kwa mtu mwenye meno yaliyonyooka, yasiyo na matundu, ambaye ameshachunguzwa, sina ugomvi navyo.

Trei za nyumbani zilizotengenezwa kliniki. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi. Daktari huchukua alama ya meno yako, hutengeneza trei laini inayokaa sawasawa, nawe hupewa jeli ya kabamaidi peroksaidi ya 10% au 16%. Njia hii si ngeni: ilielezwa kitaalamu mwaka 1989 na madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, na tangu wakati huo imechunguzwa kuliko nyingine zote. Usichanganye namba za aina mbili za dawa. Kabamaidi peroksaidi ya 10% hutoa haidrojeni peroksaidi ya takribani 3.5% tu, kwa hiyo pakiti yenye namba kubwa huenda isiwe kali kama inavyosikika, na yenye namba ndogo huenda ikawa kali zaidi. Soma jina la dawa kabla ya kusoma asilimia.

Kungojea ni bei ya njia hii. Meno ya manjano ya kawaida huchukua wiki 2 hadi 6. Lakini dawa yenye nguvu ndogo ikipewa muda hufikisha meno mahali palepale panapofikiwa na ile kali, na maumivu huwa machache.

Kung'arisha kliniki. Hapa hutumika haidrojeni peroksaidi ya 25% hadi 40%, kwa awamu za dakika kadhaa ndani ya kikao kimoja, huku fizi zikiwa zimefunikwa kwa utando maalumu na midomo ikiwa imevutwa. Anayehitaji matokeo haraka, au ambaye hawezi kuvaa trei kwa sababu ya kichefuchefu, atafaidika. Mambo mawili uyajue. Mosi, jino hukauka wakati wa kikao, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Rangi ya kweli utaiona baada ya wiki moja au mbili, ikiwa imeshuka kidogo. Picha ya "baada" inayopigwa ukiwa bado kwenye kiti ina uongo ndani yake hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Pili, kikao kimoja mara nyingi hakitoshi, na madaktari wengi humalizia na trei za nyumbani.

Na ile taa ya buluu? Inavutia macho, na inapandisha bei. Faida yake ya kudumu juu ya jeli yenyewe haijathibitika, na joto lake huweza kuzidisha ganzi, yaani ule uchungu wa ghafla ambao meno huupata kwa kitu cha baridi. Usichague kliniki kwa sababu ya taa.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka ambao ni kipimo kizuri hata kwa msomaji aliye mbali nazo. Kwa sheria ya mwaka 2011, bidhaa inayouzwa huria haitakiwi kuzidi haidrojeni peroksaidi ya 0.1%. Kuanzia hapo hadi 6% hupitia kwa daktari wa meno, ambaye hufanya matumizi ya kwanza ya kila mzunguko au husimamia yanavyofanyika, na mtumiaji awe ametimiza miaka 18. Ukiona mtandaoni jeli ya 35% inatumwa nyumbani kwa yeyote mwenye pesa, pima mwenyewe pengo lililopo.

Hatua ya 5: Kutumia trei nyumbani

Nimekaa zaidi hapa kwa sababu makosa mengi hufanyika chumbani, daktari akiwa hayupo.

1. Wiki mbili kabla ya kuanza, badili dawa ya meno utumie ya kutuliza ganzi yenye potasiamu naitreti ya 5%. Inahitaji muda kutuliza neva, ndiyo maana huanzi nayo siku ileile.

2. Piga mswaki taratibu na upitishe uzi katikati ya meno. Fizi zikitoka damu, acha kwa siku hiyo.

3. Kausha trei. Weka tone dogo la jeli, ukubwa wa punje ya mchele, upande wa mbele wa kila jino unalotaka kung'arisha. Upande wa ulimi hauhitaji. Watu hujaza trei mpaka inafurika wakidhani wanajisaidia. Jeli iliyofurika haigusi jino, inaunguza fizi.

4. Vaa trei, ibonyeze polepole. Jeli iliyotoka nje ifute kwa kidole safi au mswaki mkavu.

5. Kabamaidi peroksaidi ya 10% huvaliwa saa 2 hadi 4 mchana au usiku kucha. Baada ya saa mbili bado zaidi ya nusu ya dawa iko hai ndani ya trei, kwa hiyo kuivua mapema ni kuipoteza. Jeli za haidrojeni peroksaidi hufanya kazi upesi na kuisha upesi, ndiyo maana huvaliwa dakika 30 hadi 60 tu. Fuata muda wa dawa uliyopewa wewe, usifuate wa rafiki yako.

6. Ukivua, sukutua, piga mswaki kidogo kuondoa mabaki, na uoshe trei kwa maji ya baridi. Maji ya moto huipinda, na trei iliyopinda haina kazi tena.

7. Usile wala kuvuta sigara ukiwa na trei mdomoni.

8. Kama una mashaka, ng'arisha taya la juu kwanza. La chini litabaki kama kipimo chako cha rangi ya zamani, na utaona tofauti bila kubahatisha. Ni hila ya zamani ya kliniki, na huwanyamazisha hata wagumu wa kuridhika.

Kuhusu chai, kahawa na vyakula vyenye rangi nzito: ushauri wa kuviepuka kwa siku mbili baada ya kikao umezoeleka, ingawa utafiti haujaonyesha kwamba huharibu matokeo kwa kiasi kikubwa. Ukiweza, punguza. Vitu vichachu ndivyo vya kuviogopa zaidi siku hizo, kwa sababu ya ganzi.

Hatua ya 6: Ganzi ikija

Wengi watahisi kitu. Meno hupata ganzi kwa kitu cha baridi, au kichomi cha ghafla hupita kwenye jino moja na kutoweka. Huwa kali siku za mwanzo na huisha siku chache baada ya kusimamisha dawa. Haimaanishi kwamba jino limeharibika.

Ikija, ruka usiku mmoja au miwili, hutapoteza ulichopata. Punguza saa za kuvaa. Weka dawa ya meno yenye potasiamu naitreti ndani ya trei badala ya jeli, uivae dakika 10 hadi 30 kisha usukutue. Kama ulipewa 16%, omba ushuke hadi 10%. Usinywe dawa za maumivu ili uweze kuendelea na dozi ileile. Maumivu hapo yanakuambia upunguze.

Fizi ikipata baka jeupe linalowaka, jeli imeigusa. Osha kwa maji mengi, pumzika, na baka huondoka lenyewe baada ya siku chache. Ikijirudia, trei ikatwe upya pembeni.

Yafuatayo hayasubiri: maumivu yanayopigapiga na kukuamsha usiku, jino moja linalouma kwa joto na maumivu yakadumu baada ya joto kuondoka, au uvimbe wa fizi au shavu. Simamisha kila kitu uende kuonwa.

Meno yasiyofuata njia ya kawaida

Mabaka ya floraidi yana ngazi zake. Mepesi huweza kulainika kwa trei za nyumbani peke yake, kwa kuwa jino lote linapanda weupe na baka linamezwa. Yakiwa ya kahawia na yako juu juu, daktari huweza kusugua tabaka jembamba sana la enameli kwa asidi iliyochanganywa na unga laini, kisha trei zikafuata. Yapo pia matibabu ya kupenyeza ndani ya jino utomvu wa plastiki unaofanya baka jeupe lipoteze weupe wake. Maganda ya kauri yawe ya mwisho, kwa sababu mara nyingi hudai enameli ikatwe, na enameli ikikatwa hairudi. Anayekupeleka kwenye maganda kabla hajajaribu yaliyo chini yake mwulize kwa nini.

Tetrasaikilini inataka uvumilivu: miezi 2 hadi 6 ya trei za usiku, na pengine hadi mwaka. Mistari iliyo karibu na fizi ndiyo migumu zaidi. Manjano na kahawia huleta matumaini. Kijivu kizito huenda kikaishia kufunikwa.

Jino lililotibiwa mzizi na likageuka jeusi hung'arishwa kutokea ndani. Daktari hufungua upande wa nyuma, huziba mdomo wa mzizi, huweka dawa, mara nyingi sodiamu pebureti, na kuifunga ndani kwa siku kadhaa, akibadilisha mpaka rangi ilingane. Kizibo cha mzizi kina umuhimu mkubwa. Dawa ikipenya hadi pembeni mwa shingo ya jino inaweza kusababisha mzizi kuliwa kwa nje, na jino likapotea. Hii si kazi ya kufanywa mahali pengine popote.

Vitu vya kuacha

Limau. Enameli huanza kuyeyuka asidi ikishusha pH chini ya takribani 5.5, na maji ya limau yana pH kati ya 2 na 3. Meno yatang'aa siku ya kwanza kwa kuwa umeyayeyusha juu. Siki ni ndugu yake.

Mkaa wa unga. Unasugua doa la juu, na enameli pia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hayakukuta ushahidi wa kutosha wa usalama wake wala wa uwezo wake. Tena chembe zake hujificha kwenye nyufa na pembezoni mwa viziba, zikaacha mstari mweusi.

Bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia mikate, ni afadhali: ni laini na haina asidi. Husafisha doa la juu na haifanyi zaidi ya hapo. Shida huanza inapochanganywa na limau, kichocheo ambacho kila baada ya muda hurudi upya kwenye simu za watu.

Peroksaidi ya kusafishia vidonda au ya kupaka nywele haikutengenezwa kukaa mdomoni. Na yupo anayetumia kloraini daioksaidi kwenye vibanda vya urembo: ni ya asidi, huchubua enameli, na huliacha jino likiwa na mkwaruzo unaonasa madoa haraka kuliko mwanzo.

Kabla hujaketi kwenye kiti cha mtu, muulize mambo manne: ana leseni ya tiba ya meno? Ni dawa gani na asilimia ngapi? Fizi zangu atazilinda vipi? Nikipata maumivu usiku nampigia nani? Anayejibu la pili kwa kusema "ni ya asili tu, haina kemikali" hajajibu.

Baada ya kumaliza

Viziba na kofia vibadilishwe angalau wiki mbili baada ya dozi ya mwisho. Oksijeni inayobaki ndani ya enameli huzuia gundi ya kiziba kushika vizuri, na rangi nayo inahitaji muda huo kutulia ili kiziba kipya kilinganishwe na rangi ya kweli. Hii ndiyo sababu ya kiziba cha muda nilichokitaja mwanzoni.

Weupe hudumu mwaka mmoja hadi mitatu hivi, kutegemea chai, kahawa na tumbaku kuliko kitu kingine. Hulazimiki kurudia mzunguko wote. Usiku mmoja au miwili wa trei huyarudisha. Kwa hiyo usitupe trei zako, zihifadhi kwenye kasha gumu mbali na jua, na jeli iliyobaki ikae kwenye jokofu bila kugandishwa. Iliyopita tarehe yake haiwi sumu, huwa dhaifu tu, itupe. Usirudie zaidi ya unavyoelekezwa: kama kila mwezi unahisi yamefifia, rudi kwenye ile picha na namba ya rangi mliyoandika kabla ya kugusa jeli.

Na jino moja likirudi kuwa jeusi wakati mengine yamebaki meupe, usiliongezee dawa. Lipigwe picha kwanza.